Niliacha Kubomoa

Nilikuwa mbomoaji. Nikikuta programu kuukuu, dawa yangu ilikuwa moja: futa, anza upya. Mwaka 2021 nilikabidhiwa mfumo wa chama cha akiba na mikopo, kurasa za PHP zilizosheheni jQuery. Kwa miezi minane nikajenga mwingine pembeni.

Siku ya majaribio, mweka hazina, mama wa makamo, alivaa miwani akatazama rejesho la kwanza. "Mwanangu, hizi shilingi 37 za mwisho mwanachama atazilipa kwa sarafu gani?"

Kumbe msimbo nilioudharau ulikuwa ukipandisha kila rejesho hadi mia inayofuata. Kanuni hiyo haikuandikwa popote pengine. Tulirudi kwenye mfumo wa zamani, nami nikarudi nyumbani na aibu yangu.

Mwenzangu mmoja akanishauri nijaribu Vue, zana ya JavaScript ya kujengea kurasa, kazi ya Evan You iliyotoka mwaka 2014. Haidai nyumba nzima. Ukiipa chumba kimoja, inakaa. Kwenye ukurasa wa kuomba mkopo niliongeza mstari mmoja wa skripti, nikaikabidhi kisanduku cha kukokotoa marejesho tu. Mtu akiandika kiasi na miezi, rejesho linabadilika papo hapo. Kurasa nyingine hazikujua kama kuna mgeni.

Mgeni naye ana vituko vyake. Nilipompanulia eneo, kitufe cha kuongeza mdhamini kikafa. Kipo, kinabonyezeka, hakifanyi kitu. Nilihangaika siku nzima kabla ya kuelewa: jQuery ilikuwa imekishika kitufe cha awali, kisha Vue ikakichora upya. Sura ileile, kitufe kingine. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Tangu hapo kila kipande cha ukurasa nakipa mwenyewe mmoja.

Hivyo ndivyo nilivyoendelea, fomu baada ya fomu. Hata mtindo mpya wa kuandika uliokuja na Vue 3 mwaka 2020 haukuufuta ule wa awali, kwa hiyo niliuingiza faili kwa faili. Ripoti ya mwaka bado ni jQuery tupu. Hufunguliwa mara moja kwa mwaka, sina ugomvi nayo.

Ile kanuni ya shilingi mia niliihamisha kama ilivyokuwa. Juu yake nimeandika: "Usiguse kabla ya kumuuliza mweka hazina."