Tunavyojifunza Kijapani mbele ya televizyo

Sisi ni wamama wawili, mmoja wa Bukavu, mwingine wa Uvira, na tunakaa jengo moja karibu na mji wa Nagoya, mmoja ghorofa ya tatu, mwingine juu yake. Bwana zetu walitangulia, mmoja kwa masomo, mwingine kwa kazi ya kiwanda. Sisi tulifuata na watoto. Mmetuuliza mara nyingi namna tulivyoanza kushika lugha ya hapa bila kukaa darasani. Jibu ni televizyo. Sababu iliyotufanya tuiwashe haipendezi kuisimulia, lakini tutaisimulia.

Mwaka wa kwanza tuliishi kwa midomo ya watoto. Waliingia shule, na baada ya miezi michache wakawa wanasema Kijapani kama wazaliwa. Barua ikifika, mtoto anasoma. Dukani, mtoto anauliza bei. Tulijisifu hata, tukisema watoto wetu wana akili. Siku moja mmoja wetu alikwenda hospitali kwa maumivu chini ya kitovu, akamchukua binti yake wa miaka tisa ili atafsiri. Munganga alieleza kwa muda mrefu, akaonyesha picha. Mtoto aliinamisha kichwa, kiisha akasema, "Mama, anasema si kitu. Utakunywa dawa." Juma nzima mtoto yule hakula vizuri. Usiku mmoja akalia, akasema kumbe munganga alitaja uvimbe katika kizazi na kwamba mama arudi kupimwa. Aliogopa kulitamka neno lile mbele ya mama yake.

Uvimbe haukuwa wa hatari, tunamshukuru Mungu. Lakini tulikaa sisi wawili jikoni, chai ikapoa, na hatukuwa na neno la kusema. Mtoto wa miaka tisa alibeba ugonjwa wa mama yake siku saba, peke yake, kwa sababu sisi hatukuwa na masikio.

Kuna masomo ya bure hapa, watu wa kujitolea wanafundisha wageni, lakini ni siku ya Jumapili, na mmoja wetu Jumapili anafanya kazi. Televizyo ilikuwa nyumbani tayari. Jirani yetu mzee, tunayemwita Obaasan, maana yake bibi, alitupatia ile yake ya zamani aliponunua mpya. (Mkifika huku mjue: kila nyumba yenye televizyo inapaswa kulipa ada ya NHK, shirika la utangazaji la hapa. Sisi hatukujua, tulishituka.)

Tulianza na vipindi vya watoto wadogo. NHK wana chaneli ya elimu, na asubuhi inajaa nyimbo na wanasesere. Kipindi kimoja, Okaasan to Issho, yaani "Pamoja na Mama," kinaonyeshwa tangu mwaka 1959, hata Obaasan alikitazama na watoto wake. Pale tuligundua jambo la kututia moyo. Kijapani kina vokali tano tu, zile zile zetu, a, e, i, o, u, na karibu kila silabi inaishia na vokali. Herufi zao za kwanza, hiragana, ni 46, na karibu kila moja ni silabi nzima: ka, ki, ku, ke, ko. Ni kama tulivyoimba "ba, be, bi, bo, bu" shule ya msingi! Ulimi wetu haukupata taabu. Taabu ilikuwa maana. Kwao "nani" ni nini, na "mimi" ni sikio. Mtoto mdogo wa ghorofa ya nne, ukimwuliza nani anataka ndizi, anasema "mimi" na kushika sikio. Na yule mnyama dubu, hapa ana jina ambalo hatuwezi kuliandika mbele ya wamama wa chama. Watoto wa televizyo wanaliimba kwa sauti kubwa, wakipiga makofi. Siku ya kwanza tulikimbilia telekomande.

Kiisha tukapata kilichotufaa kuliko vyote. Kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi, NHK wanaonyesha hadithi ya dakika 15, inayoendelea kwa miezi. Hadithi za asubuhi za namna hii zilianza mwaka 1961. Ile ya Oshin, msichana maskini aliyepelekwa kazi za nyumbani akiwa mdogo, ilitoka mwaka 1983 na ilizunguka nchi nyingi. Uzuri ni kwamba sehemu ya asubuhi inarudishwa saa saba kasoro robo mchana. Basi asubuhi kila mmoja anatazama kwake, anaandika katika daftari maneno matatu aliyoyasikia, si zaidi. Mchana tunakutana, tunabonyeza kitufe cha maandishi kwenye telekomande, tunatazama ile ile tena. Mara ya pili sikio linasimama mahali asubuhi lilipopita mbio. Siku nyingine tulipata neno moja tu. Siku nyingine tulilia pamoja na mama wa hadithi kabla hatujajua analilia nini.

Tusiwadanganye, televizyo ilitupotosha pia. Mmoja wetu aliingia dukani na kuuliza "wan-wan" wanaruhusiwa kuingia. Ni neno la watoto wachanga, kama mtu mzima kwetu aseme "u-u" badala ya mbwa. Na katika hadithi, watu wa nyumba moja wanasemeshana kwa mkato. Sisi tukamwuliza Obaasan hivyo hivyo kama atakula, kwa neno ambalo mtu anamwambia mdogo wake. Kijapani kinaweka heshima ndani ya kitenzi chenyewe, mwisho wake unabadilika. Obaasan alicheka kwa kufunika mdomo, akatusahihisha polepole. Tangu siku ile tunampelekea sombe, na yeye anakuja mchana kutazama nasi. Televizyo inafungua sikio, lakini mdomo wetu ulifunguliwa na Obaasan.

Tarehe 1 Januari 2024, jioni, tulikuwa pamoja na watoto tukila mikate ya sikukuu. Simu zote zikalia, nyumba ikayumba. Tetemeko lilikuwa mbali nasi, Noto, pwani ya upande mwingine wa nchi. Katika televizyo mtangazaji mwanamke aliacha sauti ya kawaida, akawa anapaaza sauti, anawaamuru watu. Tangu maafa ya mwaka 2011 wanatangaza hivyo, ili watu wasibaki nyumbani wakisikiliza. Na kwenye kioo yalitokea maandishi makubwa, si zile herufi ngumu za Kichina, ni hiragana ya watoto, ili hata mgeni asome. Tuliyasoma sisi wenyewe, kwa sauti, silabi kwa silabi: tsu-na-mi, ni-ge-te. Kimbieni. Hakuna mtoto aliyetutafsiria. Tulijua pia, kwa kutazama ramani na kusikia majina ya mikoa, kwamba bahari yetu haikutajwa. Tuliwaambia watoto wakae, waendelee kula. Lakini sisi hatukula tena, tulikuwa tunawaza wamama wa kule.

Sasa tuna sheria katika nyumba zote mbili. Wakati wa chakula cha jioni televizyo inazimwa na mezani ni Kiswahili tu, kwa sababu wadogo wameanza kutujibu kwa Kijapani hata wakiombwa chumvi. Wananung'unika. Wanunung'unike.

Mwezi uliopita yule mama alirudi kwa munganga. Binti alivaa viatu kama kawaida, akafuata. Mlangoni mama akampa kitabu chake, akamwambia aketi kwenye viti vya nje. Ndani, maneno mengi yalimpita, hatutasema uongo. Aliomba mara tatu munganga aseme polepole, na munganga akachora uvimbe kwenye karatasi, akaandika ukubwa wake kwa hiragana. Haujakua. Alipotoka na karatasi mkononi, binti alikuwa amefika ukurasa wa ishirini, akauliza kama wanaweza kupita dukani kununua barafu tamu.