Pikipiki ya Theluji na Kidude cha Kifuani



Wapendwa mafrateri na wasomaji wote, nilipoombwa kuandika kuhusu utume wangu huku Marekani, nilifikiri nitaandika juu ya liturujia au katekesi. Lakini majira haya ya baridi kilichonifundisha zaidi ni pikipiki. Naomba mnivumilie.

Niko kaskazini mwa Idaho, karibu na mji wa Sandpoint, chini ya milima ya Selkirk. Kikanisa, Idaho nzima ni jimbo moja tu, Jimbo Katoliki la Boise, kwa hiyo mapadre ni wachache na safari ni ndefu. Theluji huanza Novemba, na kule juu milimani hukaa hadi Aprili au zaidi. Barabara kuu hukwanguliwa na magari ya kazi hiyo, lakini njia za msituni huachwa zifukiwe. Mwisho wa njia mojawapo anaishi bibi mmoja mgonjwa ambaye amekataa kuhamia mjini. Tangu Desemba alikuwa hajapokea Komunyo.

Nyumbani, Mbinga, nilizoea kwenda vigangoni kwa pikipiki wakati wa masika, tope jekundu likinifika magotini. Kwa hiyo nilimwambia mzee mmoja wa parokia, fundi mstaafu, kwamba suala la bibi aniachie mimi, kwa kuwa pikipiki naijua. Alicheka. "Padre, kwenye theluji gurudumu la nyuma litajichimbia kaburi lake. Lakini pikipiki tunaweza kuibadilisha."

Alikuwa na pikipiki ya porini ya sisi 450, na seti iliyotumika ya vifaa vya kuigeuza iwe ya theluji. Ufundi huu una mizizi papa hapa: kampuni ya Timbersled, iliyoueneza sana, ilianzia Sandpoint kabla ya kununuliwa na Polaris mwaka 2015. Tulifanya kazi jioni nne katika gereji yake. Tulitoa gurudumu la mbele, na mahali pake tukafunga ski moja pana, inayoshikwa na fomu zilezile za mbele. Kisha tukatoa gurudumu la nyuma, mkono unaolishika na shokapu yake. Hapo tukaweka fremu yenye mkanda mrefu wa mpira wenye meno marefu, kama mnyororo wa katapila. Cheni inatoka kwenye injini kama zamani, ila sasa haizungushi gurudumu, inazungusha mkanda. Breki ya mbele haina kazi tena, maana hakuna gurudumu la kulishika. Breki iliyobaki ni ya mkanda.

Nilidhani tumemaliza. Mzee akanionyesha rejeta. Kwetu tunahangaika injini isichemke. Huku wanahangaika isipoe mno. Tukaweka themostati ili maji yapate joto kwanza kabla ya kupita kwenye rejeta, tukafunika na njia ya hewa ili isivute theluji. Injini ni ileile, klachi ni ileile, gia ni zilezile. Kilichobadilika ni kile kinachogusa ardhi. Mimi niliyetoka Mbinga nilijiona humo.

Kuiendesha nako kulinirudisha darasa la kwanza. Kwenye tope, ukiogopa unapunguza mwendo na kushusha miguu. Kwenye theluji laini, ukiogopa na kuachia mafuta, unazama. Mwendo ndio unaokubeba juu. Kona hukati kwa kugeuza usukani tu, bali kwa kuilaza pikipiki yote na mwili wako pamoja nayo, na mkanda unafuata. Ukitaka kusimama, hugeukia mteremko kwanza, kwa sababu kuondoka ukiwa umeelekea mlimani ni kujizika. Siku ya kwanza nilianguka mara nyingi hadi nikaacha kuhesabu. Uzuri ni kwamba theluji haichubui kama kokoto.

Lakini somo kubwa halikuwa la kuendesha. Kabla hatujatoka gereji, mzee alinivisha kifuani kidude kidogo cha redio chenye mikanda. Milima hii ina maporomoko ya theluji. Mengi hutokea kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45, yaani ile ile inayovutia kupandwa. Kidude hicho hurusha mawimbi muda wote. Mwenzako akifukiwa, unakigeuza chako kipokee, unafuata mlio na namba mpaka unapomkaribia, unachoma theluji kwa ufito mrefu wa kukunjwa hadi umguse, kisha unachimba kwa koleo. Muda wenyewe ni kama dakika 15. Baada ya hapo matumaini hushuka haraka sana. Kila mtu hubeba vitu hivyo vitatu mgongoni na kifuani. Mimi nilivivaa kama mtu anavyovaa kofia ngumu ili trafiki asimsumbue.

Jumamosi moja mzee alikuwa na shughuli mjini. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, nami nilikuwa nimeshafanya mazoezi wiki tatu. Nikajisemea kwamba bibi anangoja, na kwamba padre hawezi kusubiri fundi ndipo atoe huduma. Nikiwa mkweli, nilitaka kurudi jioni na kusema, "Nimeshakwenda." Nilichukua pikipiki peke yangu. Sikumwambia mtu.

Kwenye kona ya tatu ya msituni njia inapanda. Niliona mti umelala mbele, nikashtuka, nikaachia mafuta. Pikipiki ikazama upande mmoja hadi kwenye kiti. Niliposhuka, nami nikazama hadi kiunoni. Koleo nilikuwa nimeliacha. Nilichimba kwa mikono zaidi ya saa moja, nikiwa nimelowa jasho ambalo huku ni hatari, maana ukitulia linakuwa barafu. Simu haikuwa na mtandao. Jua la huku wakati wa baridi hushuka mapema, na vivuli vya misonobari vilikuwa tayari vimefunika njia. Nilisali rozari, lakini nawaambia ukweli, nilisali vibaya, kama mtoto aliyepotea sokoni.

Nilisikia injini kabla ya kuona taa. Mzee alikuwa amerudi mapema, akakuta gereji tupu, akaazima mashine ya jirani na kufuata alama za mkanda wangu. Hakunigombeza. Alikanyaga theluji kuzunguka pikipiki mpaka ikawa ngumu, tukailaza, tukaizungusha, ikatoka. Ndipo akatoa mfukoni kidude changu cha redio. Nilikuwa nimekiacha kwenye msumari.

"Ulisahau hiki," alisema. "Lakini hata ungekivaa, nani angekutafuta?"

Sikuwa na jibu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba maishani mwake amewahi kuchimba mara mbili. Mara moja aliwahi.

Swali lile nililala nalo. Kidude kile hakimwokoi anayekivaa. Ukikivaa peke yako mlimani, kinapiga kelele ambayo hakuna anayeisikia. Nikaona kwamba kwa miaka miwili nimeishi upadre wangu huku namna hiyo. Kila simu ya nyumbani nilisema, "Mimi mzima, namshukuru Mungu." Nilikula peke yangu, niliugua peke yangu, na msiba wa mama mdogo niliupokea peke yangu chumbani, kisha nikashuka kuadhimisha Misa kama kawaida. Niliita huo uvumilivu. Sehemu kubwa ilikuwa kiburi: nilitaka kuwa mtoaji tu, nisiwe mhitaji kwa yeyote.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwa bibi wawili, mzee mbele na mimi nyuma. Kifuani nilikuwa na Komunyo Takatifu upande mmoja na kidude cha redio upande mwingine. Bibi alipokea, akatupa chai ya moto, akamcheka mzee kwa kumfuga padre wa Kiafrika kwenye theluji. Kabla hatujaondoka, nilimwomba mzee tukae dakika chache, nikamwambia habari ya mama mdogo. Ilikuwa mara ya kwanza kuitamka huku. Hakusema mengi. Tangu hapo Jumatatu jioni ninakula kwake, na siku za Alhamisi ninampigia padre mwenzangu tuliyesoma naye, aliye Songea. Tumekubaliana kwamba hakuna kusema "mzima" kabla ya kufikiri.

Mafrateri wapendwa, seminarini mnafundishwa kusali, kuhubiri na kuongoza, na ni vema. Ila mapema kabisa, kabla ya daraja, tafuteni mtu ambaye siku mkipotea atakuta gereji tupu na kuanza kufuata alama zenu. Mwambieni mnakokwenda. Nanyi mjifunze kuchimba, kwa maana kuna ndugu ambaye leo amefukiwa na anasema yu mzima.

Tuombeane.