Wilaya ya Rusizi: Ardhi, Watu na Lugha

Mwalimu wa lugha akiulizwa habari za idadi ya watu, aghalabu humwelekeza muulizaji kwa mwalimu wa jiografia. Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Rusizi hatuwezi kufanya hivyo. Kwetu, hesabu ya watu na sura ya nchi ndizo zinazoeleza kwa nini Kiswahili kinasemwa, na kwa nini hakitaacha kusemwa.

Tuanze na nchi yenyewe. Wilaya ya Rusizi imo katika pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda. Ina tarafa 18, ambazo wenyewe tunaziita imirenge, na eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 960. Iliundwa mwaka 2006, mkoa wa zamani wa Cyangugu ulipovunjwa, ingawa wazee wetu wangali wakisema kwamba kwao ni Cyangugu. Upande mmoja liko Ziwa Kivu, ambalo uso wake u mita 1,460 hivi juu ya bahari. Upande wa mashariki umesimama msitu wa Nyungwe. Mto Rusizi hutoka ziwani na kuteremka kuelekea Tanganyika, nao ndio mpaka wetu na Kongo. Kusini, mto Ruhwa hututenga na Burundi.

Mteremko huo wa mto ni mkali. Ukifika uwanda wa Bugarama, mto umekwisha shuka mita zipatazo 500, na hapo ndipo mahali pa chini kabisa katika Rwanda nzima. Kwa ajili ya nguvu hiyo ya maji palijengwa bwawa la umeme la Rusizi I, mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye likafuata la Rusizi II, ambalo umeme wake hugawanywa kati ya Rwanda, Burundi na Kongo. Hali ya hewa nayo hushuka pamoja na mto. Huko juu, Shagasha, kuna baridi na mashamba ya chai. Mibilizi, palipofunguliwa misheni mwaka 1903, kuna kahawa. Kule Bugarama kuna joto, mpunga na kiwanda cha saruji. Ziwani watu huvua sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Tanganyika. Kwa hiyo mtu aweza kuondoka asubuhi amejifunika koti zito, na adhuhuri akatafuta kivuli, hali hajatoka wilayani.

Tuje sasa kwa watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 400,000. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 485,000. Ukiwagawanya kwa eneo lote, utapata zaidi ya watu 500 katika kila kilomita moja ya mraba; na kwa kuwa msitu haulimwi, wala haukaliwi, msongamano katika vilima vya wakulima ni mkubwa zaidi ya hapo. Ili msomaji apate kipimo, na alinganishe na wilaya ya Loving, katika jimbo la Texas, Marekani. Eneo lake karibu ni mara mbili ya letu, lakini sensa yao ya mwaka 2020 ilikuta watu 64 tu. Idadi hiyo kwetu haijazi hata madarasa mawili.

Kwa mkulima wa Rusizi, tarakimu hizi zina maana moja: shamba la babu likigawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hubaki ukanda mwembamba usioweza kulisha nyumba. Basi watu hufanya nini? Wengi huelekea mtoni. Ng'ambo ya daraja la Rusizi I uko mji mkubwa wa Bukavu, wenye midomo mingi ya kulishwa. Akina mama huvuka na nyanya, maziwa, mayai na kuku, hurudi na vitenge au fedha ya unga. Mpaka huo uliamuliwa na wakubwa wa Ulaya huko Brussels mwaka 1910, bila kuulizwa wenyeji. Watu wa kisiwa cha Nkombo, walio raia wa Rwanda, husema lugha iliyo ndugu wa zile za Ijwi na Bukavu. Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, ndipo tulipoona wazi ni jikoni mangapi ambamo chungu kilikuwa kikitegemea daraja lile.

Na lugha ya daraja ni Kiswahili. Hapa ndipo sensa na somo letu vinapokutana. Mahali ambapo ardhi haitoshi, lugha huwa shamba la pili. Mama asiye na shamba la kutosha analima kwa ulimi: anapatana bei, anakopa, anadai, anaomba radhi.

Hata hivyo, lugha hiyo tunaipokeaje shuleni? Tulipata kumuuliza mwanafunzi mmoja aliyeandika "batu" badala ya "watu" amejifunza wapi neno hilo. Alijibu kwa sauti ndogo, "Kwa mama, sokoni," kana kwamba ametaja jambo la aibu. Tulimwandikia ubaoni maneno matatu: abantu, batu, watu. Darasa likayatazama, likaona kwamba ni ukoo mmoja. Siku hiyo "watu" haikuwa tena neno la mtihani peke yake.

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017. Hilo ni jambo jema, lakini sheria haifundishi darasani. Tungependa kupendekeza kwa walimu wenzetu zoezi moja: kila mwanafunzi na aandike insha juu ya tarafa yake, kwa tarakimu na kwa majina ya mito na vilima, akieleza kaya za jirani zake zinaishije na zinavuka kwenda wapi. Atahitaji maneno sanifu kama sensa, kaya, mteremko na msongamano. Atahitaji pia kumuuliza mama yake. Tumekwisha lijaribu zoezi hili, na insha zilizoletwa kutoka Mururu na Nkombo zilikuwa ndefu kuliko tulivyoagiza.