Marhamu Yangu na Mkono wa Mjukuu

Mimi ni mkulima wa Nyegina, karibu na Musoma. Nyumbani kwangu kuna kopo dogo la marhamu. Marhamu hiyo naitengeneza mwenyewe. Leo nataka kukueleza jinsi ninavyoitengeneza. Nataka pia kukueleza kosa nililolifanya, maana mficha maradhi kifo humwumbua.

Mwaka 1973 mama yangu alikuwa katika kikundi cha kusikiliza redio, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 katika Tanzania walijiunga na vikundi vile. Walisoma kitabu, walisikiliza redio, kisha walifanya kazi. Walichimba vyoo na kufyeka majani. Mama alikuwa akituambia kwamba afya huanzia nyumbani. Ndiyo sababu nilipenda kujifunza kazi hii.

Vitu vinavyotakiwa ni viwili: nta ya nyuki na mafuta ya kula, kama ya alizeti.

Kwanza tunasafisha nta. Chukua masega yaliyokwisha kamuliwa asali. Yachemshe katika maji, kisha chuja kwa kitambaa. Maji yakipoa, nta huelea juu na kuganda. Itoe, ikaushe, uikune.

Pima kikombe 1 cha mafuta na vijiko 3 vya chakula vya nta iliyokunwa. Tia vyote katika sufuria ndogo kavu. Weka sufuria hiyo ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto. Usiiweke juu ya moto wenyewe, maana nta hushika moto upesi. Maji ya moto yanatosha kuiyeyusha. Koroga polepole.

Sasa dondosha tone 1 juu ya sahani baridi. Likiwa laini mno, ongeza nta. Likiwa gumu mno, ongeza mafuta. Kisha mimina katika makopo yaliyooshwa, yakachemshwa, yakakauka kabisa. Yakipoa, yafunike.

Safari ya kwanza nilitia majani mabichi nikidhani ninaongeza nguvu. Baada ya siku chache nikaona ukungu. Majani mabichi yana maji, na maji huozesha marhamu. Niliitupa yote. Siku hizi situmii kitu chochote chenye maji. Nachota kwa kijiko safi, si kwa kidole.

Marhamu hii inafaa kwa visigino vilivyopasuka, midomo iliyokauka na mikono iliyokwaruzwa na jembe. Inafaa pia kwa mchubuko mdogo uliokwisha oshwa kwa maji safi na sabuni. Majirani waliipenda. Nami nikaanza kudhani kwamba inafaa kwa kila kitu.

Siku moja mwaka 2019 nilikuwa napika uji. Mjukuu wangu alikuwa na umri wa miaka 2. Alivuta sufuria, uji ukammwagikia mkononi. Mimi nilikimbilia kopo langu. Nikampaka marhamu nyingi, toka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Nilijiona nimefanya vema. Lakini mtoto hakunyamaza. Jioni mkono ulikuwa umevimba na kutoka malengelenge. Asubuhi tukaenda zahanati.

"Mama, umempaka nini mtoto huyu?" muuguzi aliniuliza.

"Marhamu ya nta, mwanangu. Naitengeneza mwenyewe."

"Marhamu yako ni nzuri, mama, lakini si kwa kazi hii. Mafuta yamezuia joto ndani ya ngozi. Sasa ni lazima niyatoe yote."

Akaanza kuyatoa. Nta ilikuwa imeshikana na ngozi iliyoungua. Mimi ndiye niliyemshika mtoto. Kilio kile sijakisahau mpaka leo.

Baadaye muuguzi alinifundisha. Mtu akiungua, maji kwanza. Mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi, kikombe baada ya kikombe, kwa muda wa dakika 20. Vua pete au bangili kabla mkono haujavimba. Mwili wake wote uliobaki ufunikwe asipatwe na baridi. Usipake mafuta, dawa ya meno, majivu wala samli. Usiweke barafu. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, kisha umpeleke zahanati. Akiwa mtoto mdogo, mpeleke siku ile ile.

Tena kuna mambo mengine ambayo kopo lako lisifunguliwe. Jeraha refu la panga au la msumari lisipakwe marhamu, maana pepopunda huingia humo. Lioshe, uende ukaulizie chanjo. Kitovu cha mtoto mchanga kisipakwe marhamu hii. Mtu akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mkimbilie hospitali kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Akiumwa na nyoka, msimchanje. Mtulizeni, asitembee, abebwe upesi kwenda hospitali.

Ndugu msomaji, sikuambii uache kutengeneza marhamu. Itengeneze. Ni rahisi, na nta yetu isitupwe. Lakini huduma ya kwanza ni kujua pia wakati wa kuliacha kopo limefunikwa.

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Basi tumia elimu hiyo. Kila ukitengeneza marhamu, andika tarehe juu ya kopo. Ikinuka vibaya au ikibadilika rangi, itupe. Mimi juu ya kopo langu nimeandika pia maneno haya: MOTO, MAJI KWANZA.

Mjukuu wangu amepona, ingawa kovu lipo. Sasa yuko shule ya msingi. Juzi alilichukua kopo, akayasoma maneno yale kwa sauti, herufi kwa herufi. Kisha akaniuliza, "Bibi, kwa nini umeandika hivi?"

Nikamwonyesha mkono wake.