Bahasha za Fundi

Ukifungua albamu za miaka ya sabini hapa Singida utakuta picha nyingi zimegeuka njano, na ukiuliza utaambiwa ni uzee. Si uzee, ni maji. Picha nyeusi na nyeupe ikitoka kwenye dawa ya kukazia hutaka kuoshwa kwa maji mengi matamu mpaka dawa yote iishe. Ikibaki, miaka ikipita inaila picha. Na mji wetu umekaa na maziwa mawili, Singidani na Kindai, yote ya chumvi, na kiangazi chake hakina haraka. Wapiga picha wengi walibania maji.

Fundi hakubania. Namwita Fundi kwa sababu mjini hakuna aliyemwita vinginevyo. Studio yake ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya udongo, si mbali na soko. Kila asubuhi kijana wa baiskeli alimshushia madebe ya maji ya kisima, na siku ambayo maji hayakuja, Fundi hakusafisha picha, hata mteja afoke. Harufu ya chumba kile ninayo mpaka leo: dawa kali kama siki, mafuta ya taa, na poda waliyojipaka akina mama mbele ya kioo kilichopasuka pembeni. Ukutani lilining'inia koti la kijivu la kuazima, na tai iliyokwisha kufungwa, ya kuvaa tu shingoni. Pazia lake halikuchorwa minazi wala ndege. Aliyetaka mandhari alipelekwa nje, kwenye mawe makubwa ya Singida, akaegemea hapo.

Nilikuwa mwalimu kijana. Nilikuwa na Yashica ya lenzi mbili, ile unayoinamisha kichwa na kuchungulia kwa juu, niliyoinunua kwa padri aliyekuwa anarudi kwao. Mkanda mmoja ulitoa picha 12. Fundi aliniingiza chumba cha giza, palipokuwa na taa ya chemli iliyozungushiwa kitambaa chekundu. Hakuwa na mashine ya kukuzia. Negativu ililazwa juu ya karatasi, ikabanwa na kioo, ikaonyeshwa mwanga kidogo. Karatasi ikaingia kwenye dawa. Kwanza zilitokea nywele na nyusi, kisha macho, na mwisho kabisa ndipo shavu likajaa. Picha yangu ya kwanza ina mhuri wa 1972. Mke wangu, ambaye ndiye aliyemo, anashikilia kwamba gauni lile lilishonwa mwaka uliofuata. Nimelinganisha na barua yangu ya uhamisho, nikauliza na shemeji. Havipatani. Na iwe vyovyote, gauni lilimpendeza.

Somo kubwa la Fundi lilikuwa juu ya sura zetu. Jua la saa sita, alisema, linamchimbia mtu mashimo machoni. Mweke kivulini, umgeuzie ukuta uliopakwa chokaa ili ukuta umrudishie mwanga usoni. Tena upimie uso, usipimie shati jeupe.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Picha za rangi zilikuja, mikanda ikawa inasafirishwa kusafishwa mbali, Fundi akabaki na pasipoti. Zikaja kamera zisizo na mkanda, zikaja simu. Mwaka 2012, Kodak yenyewe ilipokimbilia mahakamani kujikinga na wadai wake, Fundi alikuwa amekwisha kutangulia.

Kisha chumba kikabomolewa kupisha maduka. Negativu zake zote alizihifadhi katika bahasha zenye namba ya penseli, na zilizolewa pamoja na kifusi. Harusi za mji mzima, watoto waliokuwa wanakwenda bweni, wazee waliopigwa picha mara moja tu maishani. Hakuna aliyeuliza ni za nani. Jambo hili linaniuma, na sioni sababu ya kulificha. Niliokoa kasha moja.

Mjukuu wangu, aliyekuja likizo kutoka Dodoma, alinyanyua moja akaishika dirishani. "Babu, mbona huyu ana meno meusi?"

Ana miaka 13 na maelfu ya picha kwenye simu. Hajapata kuona negativu, na wa kulaumiwa ni sisi tuliompa simu bila kumpa kitu kingine. Mwaka jana jirani yetu alifiwa na mama yake, na kwa miaka yote ile ya kupigana picha hapakuwa na hata moja iliyochapwa. Ile ya msibani ilikatwa kwenye picha ya kundi, na bega la mtu mwingine lilibaki pembeni.

Basi siku hizi tunatoka pamoja, yeye na kaka yake. Sharti ni picha 12 kwa siku, ingawa simu haijui kuishiwa. Kaka mtu anapenda mawe, na heroe wanapotua Singidani hatumwoni mpaka jioni. Dada anapenda watu. Akimsimamisha mtu, kwanza anatafuta ukuta wa chokaa, kisha anagusa uso kwenye kioo cha simu ili simu ipime hapo. Sikumbuki kumwambia mara mbili.

Yeye ndiye aliyegundua namna ya kuzifufua zile za kasha. Anaweka negativu juu ya kioo cha dirisha, anaipiga picha kwa simu, na programu inageuza weupe kuwa weusi. Tunachapa, tunawapelekea wazee wa Majengo watutajie majina, naye anayaandika nyuma kwa penseli. Wanaume ndio wanaotusumbua, kwa kuwa nusu yao wamevaa koti lile lile la kijivu. Wazee wanawatambua kwa masikio, na kwa namna ya kusimama. Jumamosi tunakwenda Utemini kwa bibi mmoja ambaye, wanasema, alipika karibu harusi zote za wakati ule.