Mafuta Yamemwagika: Nani Aliyeyamwaga?

Kwa miaka mingi nimekuwa nikifundisha unyambulishaji wa vitenzi, na kila nifikapo kwenye kauli ya kutendeka hutoa mfano wa methali isemayo: maji yakimwagika hayazoleki. Huwaeleza wanafunzi kwamba kauli hii humwondoa mtenda, likabaki tukio peke yake. Hatuulizi mtungi uliangushwa na nani. Siku moja nilibadili mfano, nikaandika ubaoni: "Mafuta yamemwagika mtoni." Mwanafunzi mmoja, binti asiyezoea kusema, akauliza, "Mwalimu, yamemwagika yenyewe?" Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, maana sentensi ile nilikuwa nimeitoa katika tafsiri yangu mwenyewe ya habari za Ogoni, katika delta ya mto Niger, nchini Nigeria.

Nilikulia kando ya mikoko ya Rufiji, na kwa sababu hiyo tafsiri ile haikunipa taabu ya msamiati. Nawajua kaa wa topeni, chaza wanaong'ang'ania mizizi, na samaki wachanga wanaojificha humo hadi wakomae. Huko Bodo, mji wa wavuvi wa Ogoni, bomba la mafuta ghafi lilivuja mara mbili mwaka 2008. Maji yalipojaa yaliyachukua mafuta hadi katikati ya mikoko. Yalipokupwa, yaliyaacha hapo. Mkoko hupumua kwa mizizi iliyo juu ya tope. Mizizi hiyo ikifunikwa na mafuta, mti hukosa hewa na kufa. Mti ukifa, mazalio ya samaki hutoweka, na mvuvi aliyekuwa akiuza samaki hulazimika kununua wa kutoka mbali.

Ndipo nikatambua kwamba swali la yule binti halikuwa la sarufi pekee. Kwa kawaida sheria ya Nigeria haiilazimishi kampuni kulipa fidia iwapo uvujaji umetokana na hujuma ya watu wengine. Kwa hiyo riziki ya mji mzima yaweza kutegemea jibu la swali moja: nani? Uchunguzi wa chanzo nao huwategemea sana wataalamu na vyombo vya kampuni yenyewe. Kuhusu Bodo, kampuni ya Shell ilikubali mwaka 2011 kwamba iliwajibika kisheria. Awali ilikuwa imeshikilia kuwa mafuta yaliyovuja mara ya kwanza hayakuzidi mapipa 1,640. Baadaye, kesi ilipokuwa mahakamani London, ilikiri kwamba yalikuwa mengi zaidi. Mwezi Januari 2015 ilikubali kulipa pauni milioni 55, zigawanywe kati ya wakazi wapatao 15,600 na jumuiya yao.

Hata hivyo, haki hainiruhusu kumtaja mtenda mmoja tu. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, iliyotolewa mwaka 2011, ilionyesha pia madhara ya watu wanaotoboa mabomba na kuyasafisha mafuta kwa siri vichakani. Huko Nisisioken Ogale, karibu na bomba la shirika la mafuta la taifa, watu walikuwa wakinywa maji ya visima yenye benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ripoti hiyo ilikadiria kwamba kuisafisha Ogoni kungeweza kuchukua miaka 25 hadi 30. Watenda ni wengi, lakini wingi wao si sababu ya kuwafuta wote katika sentensi.

Mwandishi Ken Saro-Wiwa aliwataja. Tarehe 10 Novemba 1995, yeye na wenzake wanane walinyongwa Port Harcourt, baada ya kuhukumiwa na mahakama maalumu ya utawala wa kijeshi kwa mauaji waliyoyakana. Mwezi Juni 2025, Rais wa Nigeria aliwapa msamaha. Hapa pia neno lina uzito wake, kwani anayesamehewa huhesabiwa kuwa alikosa.

Nilirudi darasani juma lililofuata, nikaandika upya: "Bomba la kampuni limemwaga mafuta mtoni." Yule binti aliitazama sentensi, kisha akasema kwa adabu, "Mwalimu, bomba lina mwenyewe, na lina mlinzi, na lina mkaguzi." Nikampa chaki.

Methali yetu ningali naifundisha. Ila sasa huwakumbusha wanafunzi kwamba maji yaliyomwagika hunywewa na ardhi, yakasahaulika. Mafuta hubaki miaka na miaka kwenye tope na kisimani. Kwa hiyo wakimaliza kuinyambua kauli ya kutendeka, huwapa zoezi moja la nyongeza: mrudisheni mtenda mahali pake.