Miaka 7 kwa Tajiri

Mwaka 2007 nilitoka Makete kwenda Kariakoo nikiwa na miaka 18. Mjomba alinikabidhi kwa Mkinga mwenzetu, muuza vitenge. Mshahara haukutajwa. Mjomba alisema neno moja tu, "Vumilia," na kwetu neno hilo ni mkataba mzima: kijana anamtumikia tajiri, analala stoo, anakula kwake, na siku moja tajiri anamfungulia duka. Wafanyabiashara wengi wa Kikinga walianza hivyo.

Nilifungua milango saa 12 asubuhi na kufunga giza limeshaingia. Jumapili nilipanga stoo. Nilijifunza kupapasa kitambaa nikajua kama ni pamba tupu. Nilijua mteja yupi apewe mzigo kwa mali kauli na yupi alipe kwanza. Tajiri alinipa posho ya sabuni na nauli.

Baba alifariki mwaka 2010. Tajiri alinunua jeneza, akafunga duka, tukasafiri pamoja hadi Makete. Pale kaburini alivua koti, akapokea jembe, akafukia na wanaume wa ukoo. Tangu siku ile nilijihesabu mwanawe, na likizo sikuiwaza tena.

Mwaka wa 7 alimleta mtoto wake wa kumzaa. Nikamfundisha yote niliyoyajua. Alipokwisha kushika kazi, nikamuuliza tajiri habari ya fremu yangu. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Nani alikuahidi, mwanangu?"

Hakuna aliyeniahidi. Kwake yeye chakula, dawa za malaria na lile jeneza vilikuwa malipo, tena makubwa. Mimi nilivipokea kama mapenzi ya mzazi, nikaamini ujira wangu bado umewekwa mahali.

Baadaye nilisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: maelezo ya kazi kwa maandishi, saa 45 kwa wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ningeweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sikwenda. Ningemshtakije mtu aliyemfukia baba yangu kwa mikono yake? Lakini alinidhulumu, na hilo nalisema bila kusita.

Muuzaji mmoja wa jumla aliyenifahamu alinipa majora ya kwanza kwa mali kauli, nikaanza. Leo nina fremu na vijana 2. Mwaka jana niliketi na mmoja wao tukaandika mshahara wake, saa zake, michango ya NSSF, na kwamba akitimiza miaka 4 nitampa majora 40 ya kuanzia. Tukatia saini wote wawili. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata dukani.

Usiku ule mama yake alinipigia simu kutoka kijijini, sauti inamtetemeka.

"Baba, kijana wangu amekukosea nini mpaka mkaandikiana?"